Barua ya wazi kwa Bodi ya SACCOS yetu: faili za wanachama zinasafiri uchi

Kwa Mwenyekiti wa Bodi, Meneja, na wajumbe wa Kamati ya Usimamizi,
Makao makuu ya chama,
Moshi.

YAH: KUTOLINDWA KWA FAILI ZA WANACHAMA ZINAPOPITA KWENYE MTANDAO WA OFISI

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya nne juu ya jambo lilelile. Ya kwanza niliileta kwa mkono, karani wa masjala akaigonga muhuri mbele yangu. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, nikiwa kwenye foleni ya kuweka akiba, kwamba "linafanyiwa kazi". Ya tatu haikujibiwa kabisa. Kwenye mkutano mkuu nilinyoosha mkono tulipofika kwenye mengineyo, nikaambiwa hoja yangu ni ya kitaalamu mno na wazee wana njaa. Tukaenda kula. Pilau ilikuwa nzuri, sina neno nayo, ila nilirudi nyumbani Rau nikijua kwamba njia za ndani zimekwisha.

Jina la chama sitalitaja humu. Anayekifahamu ameshakifahamu, na asiyekifahamu sitaki kumwonyesha mlango ulio wazi. Naandika hadharani ili ninyi mnisikie, na pia ili viongozi wa vyama vingine vya akiba na mikopo, hapa Moshi na kule Arusha, wakachungulie seva zao, yaani kompyuta kuu zinazotunza faili. Mafundi waliotufungia sisi mitambo wamefunga na kwingine.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa mitandao na mwanachama wa mwaka wa tisa. Mkopo wangu wa kwanza ndio ulioninunulia mashine ya kuunganishia nyaya za faiba, na hadi leo ndiyo inayonilisha. Sina kinyongo na chama hiki. Kimenitoa mbali.

Kwanza tukumbushane kilichomo ndani ya ile seva ya ghorofani. Kila mwanachama ana folda yake. Humo mna picha, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba za simu, majina ya wadhamini na hati ya mshahara kwa walioajiriwa. Mama anayeuza ndizi Mbuyuni ameacha humo barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mzee wa Kibosho ameacha nakala ya muhtasari wa ukoo unaoonyesha kihamba, yaani shamba la urithi, ni cha nani, karatasi ambayo pengine hata watoto wake hawajawahi kuiona. Tunasema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari tunalo, tena zuri. Nani mwingine analisoma? Hilo ndilo halijajibiwa.

Hoja zangu ni hizi.

1. Seva inamwamini kila anayejitaja.

Mwaka jana niliitwa kurekebisha printa ya mapokezi. Nikiwa hapo, kijana wenu wa TEHAMA akiwa amesimama kando yangu na kwa ruhusa yake, nilichomeka kompyuta yangu kwenye soketi ya mtandao iliyo ukutani, ile iliyo nyuma ya kiti cha wageni. Nikafungua kwenye kompyuta yangu mtumiaji mpya na kumpa namba ileile anayoitumia afisa mikopo ndani ya seva. Basi. Sikuombwa nenosiri wala kitambulisho. Folda za mikopo zikafunguka zote, za kusoma na za kuandika. Nilifungua moja tu, ya kwangu mwenyewe, nikafunga. Kijana alibaki ameshika kichwa.

Hakuna uchawi wowote hapo. Seva yetu inagawa faili kwa njia iitwayo NFS, toleo la 3. Kampuni ya Sun Microsystems iliitengeneza NFS mwaka 1984, na katika utaratibu wake wa kawaida, kompyuta inayoomba faili ndiyo inayotaja namba ya mtumiaji, na seva inakubali. Ni kama mtu afike dirishani aseme "mimi ni namba 1004", na keshia aanze kumhesabia noti. Enzi zile kompyuta za ofisi moja zilikuwa chache na waliozisimamia walijuana. Leo soketi iko nyuma ya kiti cha wageni.

2. Zinapovuka barabara hazina hata nguo ya ndani.

Mnisamehe kwa lugha hiyo, lakini sikupata iliyo sahihi zaidi. Seva ya akiba, yaani ile ya kutunzia nakala za dharura, iko jengo la pili, ng'ambo ya barabara, na majengo mawili yameunganishwa kwa antena mbili zinazotazamana. Kila usiku nakala za faili zinapita hewani. Nenosiri la antena ni jina la chama likifuatiwa na mwaka wa kuanzishwa, na linajulikana na kila fundi aliyewahi kupanda juu ya paa lile, mimi nikiwemo. Mtu akishaingia hapo, hakuna kizuizi kingine, kwa sababu NFS yetu haisimbi chochote, yaani haigeuzi data kuwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo: herufi za jina la mwanachama zinapita kama zilivyo na picha ya kitambulisho inapita kama ilivyo. Mwenye subira anakaa na soda yake upande wa pili wa barabara na kukusanya.

3. SMB1 imeachwa wazi kwa ajili ya skana moja.

Kompyuta za makeshia ni za Windows, na zinafikia seva kupitia Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kufungua faili za seva yetu. Hilo ni sawa, Samba ni programu nzuri na ina umri mkubwa kuliko chama chetu. Ila toleo la kwanza la itifaki yake, yaani lugha ambayo kompyuta na seva huongea, liitwalo SMB1, limeachwa limewashwa kwa sababu skana ya zamani haijui nyingine. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilipita humohumo, katika tundu la SMB1 ya Windows, vikafunga kompyuta za hospitali za umma Uingereza na za ofisi nyingi duniani. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tangu Machi mwaka huo. Samba yenyewe ilizima SMB1 kwa chaguo-msingi tangu toleo la 4.11, mwaka 2019. Sisi tumeiwasha tena kwa mkono wetu.

4. Dawa imeshawekwa ndani ya Linux, ni bure, na sisi tumekaa mbali nayo.

Hapa naomba mnivumilie, maana ndipo nilipoambiwa kuwa natumia utaalamu mno. Seva yetu inaendeshwa na CentOS 7, mojawapo ya mifumo endeshi ya familia ya Linux. Mfumo huo uliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Kerneli yake, yaani kiini cha mfumo endeshi, ile sehemu inayoshika diski na kadi ya mtandao kabla programu nyingine haijagusa kitu, ni ya 3.10, toleo lililotoka mwaka 2013. Na kazi ya kugawa faili kwa NFS katika Linux inafanyika ndani ya kerneli yenyewe. Kwa hiyo kufuli likiongezwa, linaongezwa humo. Aliyebaki na kerneli ya zamani kufuli hilo halimfikii.

Ni kweli kwamba kwa miaka mingi kulikuwa na njia moja ya kulifunga hili, iitwayo Kerberos. Inafanya kazi vizuri, lakini inataka seva nyingine ya kutoa tiketi, saa za kompyuta zote zilingane, na mtu wa kuilea kila siku. Ofisi yenye watumishi kumi na wawili haiwezi, na sikuwahi kuwalaumu kwa hilo. Nadhani ndiyo sababu ofisi ndogo nyingi zilibaki wazi.

Kilichobadilika ni kwamba waandishi wa kerneli waliamua kuitumia TLS, kufuli lilelile linalolinda tovuti ya benki kwenye simu yako. Kanuni yake iliandikwa na Trond Myklebust na Chuck Lever, ikachapishwa Septemba 2022 kama RFC 9289, yaani waraka namba 9289 katika mfululizo wa kanuni za intaneti. FreeBSD, ndugu wa Linux katika programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote), ilikuwa imeshatangulia katika toleo lake la 13.0 la Aprili 2021. Linux ikaingiza upande wa seva katika kerneli 6.4, Juni 2023, na upande wa mteja katika 6.5, Agosti mwaka huo.

Namna walivyolijenga inanifurahisha mimi kama fundi, na nitaieleza hata kama Meneja atapiga miayo. Kusimba data ni kazi ya mahesabu, na kerneli ilikuwa inaijua kazi hiyo tangu toleo 4.13 la mwaka 2017. Lakini hatua ya kwanza ya kutambuana, ambapo kila upande unakagua cheti cha mwenzake, yaani faili linalothibitisha kompyuta ni ya nani, ni msimbo mrefu, na kosa moja humo, likiwa ndani ya kerneli, lingemweka mgeni kwenye kiti cha mwenye nyumba. Hawakuuingiza. Wakaiacha kazi hiyo kwa programu ndogo iliyo nje, iitwayo tlshd. Yenyewe inakagua vyeti, ikiridhika inakabidhi funguo kwa kerneli, kisha inakaa pembeni. Mlinzi wa getini anakagua vitambulisho. Ndani kazi inaendelea bila yeye kuingia stoo. Watu waliofikiri hivyo kabla ya kuandika mstari mmoja wa msimbo nawaamini kuliko kipeperushi cha muuzaji yeyote.

Kuna mambo mawili lazima niyaseme kwa uaminifu ili baadaye msiseme niliwaficha. TLS peke yake inaziba hoja ya 2 na kuipunguza makali hoja ya 1, haiimalizi. Namba ya mtumiaji bado itaaminiwa. Tofauti ni kwamba seva itakubali kuongea tu na kompyuta yenye cheti tulichokitoa wenyewe, na ile yangu ya nyuma ya kiti cha wageni ingekataliwa mlangoni. Jambo la pili ni kwamba kufuli hili linaweza kuwekwa kwa hiari au kwa lazima. Likiwekwa kwa hiari, kompyuta inayoomba bila kufuli bado inahudumiwa. Kwa hiyo fundi atakayewaambia "nimewasha TLS", mwulizeni swali moja tu: asiye na cheti anakataliwa?

5. Sheria.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda zisifikiwe na asiyehusika. Sina la kuongeza hapo. Chama kina mwanasheria.

Sasa nizijibu sababu nilizokwishapewa, na moja au mbili ninazozitarajia.

"Mtandao wetu ni wa ndani." Ndani ni wapi? Soketi iko mapokezi. Kebo ya ghorofa ya chini inapita juu ya dari ya duka la simu ambalo si letu. Antena ziko juu ya paa. Tumeweka nondo madirishani na mlinzi wa usiku anayelipwa kila mwezi, kisha mafaili yenyewe yanatoka usiku kupitia angani na mlinzi anayatazama yakipita.

"Muuzaji wa mfumo amesema ulinzi ni moduli ya kulipia." Mfumo wake wa mikopo unakaa juu ya yote haya. Kugawa faili ni kazi ya kerneli na ya Samba, ambazo chama hakikuzilipia na hakitazilipia. Anawauzia kufuli lililoko kwenye stoo yenu wenyewe. Kama ana moduli nyingine nzuri, aieleze kwa maandishi na tuisome.

"Kusimba kutafanya mtandao uwe mzito." Kiungo cha antena kinabeba megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12 na ushee. Prosesa ya seva yetu ina maelekezo ya AES, njia ya kusimba inayotumika sana, ndani yake, niliangalia, na prosesa za namna hiyo husimba mamia ya megabaiti kwa sekunde. Mtandao wetu ni mzito, nakubali. Unakuwa mzito saa saba mchana, wakati wa mpira.

"Programu huria haina mwenyewe, ikiharibika tunamshika nani?" Swali hili naliheshimu, kwa sababu aliyeliuliza ni mzee aliyewahi kudhulumiwa na fundi. Karibu kila sehemu ya kerneli ya Linux ina msimamizi aliyeandikwa kwa jina ndani ya faili linalosomwa na dunia nzima, na kila badiliko lina jina la aliyelileta na la aliyelipitisha. Hilo halina maana kwamba haikosei. Mfano ninao: katika kerneli 5.15 ya mwaka 2021 iliingizwa ksmbd, seva ya SMB3 (toleo jipya la ile SMB) inayokaa ndani ya kerneli, kwa kazi ileile ya Samba. Desemba 2022 likatangazwa tundu humo lililopewa alama 10 kati ya 10, ambalo mtu asiye na nenosiri angelitumia kuendesha amri zake ndani ya kerneli. Lilikuwa limeshazibwa tangu Agosti mwaka huo, katika toleo la 5.15.61. Aliyesasisha alisoma habari ile kama hadithi. Kwa sababu hiyohiyo siwaombi muweke ksmbd kwa makeshia. Samba inatosha, na ikivunjika inavunjikia nje ya kerneli.

"Skana itakufa." Haitakufa. Itapewa chumba chake: mtandao wake wa pembeni na folda moja ya kupokelea karatasi, basi. Kompyuta moja itachukua kilichoingia na kukihamishia kwenye seva. Siku mkinunua skana mpya, chumba hicho kitafungwa.

"Hakuna mwanachama aliyelalamika." Barua hii ni ya nne.

Baada ya hayo, naomba yafuatayo yatekelezwe:

(a) Ndani ya siku 7: soketi ya mapokezi izimwe kwenye swichi, nenosiri la antena libadilishwe, na seva iamriwe kugawa NFS kwa anwani ya seva ya akiba peke yake badala ya mtandao mzima kama ilivyo sasa. Ni kazi ya asubuhi moja na haina gharama. Anwani inaweza kuigizwa, najua, kwa hiyo hiki ni kiraka cha kusubiria.

(b) Ndani ya siku 30: SMB1 izimwe, skana itengwe, na Samba ilazimishe usimbaji kwa kompyuta zote za makeshia. SMB3 ilikuja na uwezo huo tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kwa hiyo hakuna kompyuta pale dirishani itakayoshindwa.

(c) Ndani ya siku 90: seva zote mbili zihamishiwe kwenye mfumo unaosasishwa. Ubuntu 24.04 inakuja na kerneli 6.8, Debian 13 inakuja na 6.12. Zote mbili ni za familia ya Linux, na ni bure. NFS kati ya seva iwe juu ya TLS, kwa lazima, kila upande ukiwa na cheti. Kabla ya kuhama, nakala kamili ichukuliwe kwenye diski mbili na ijaribiwe kurudishwa mbele ya Kamati ya Usimamizi. Nimeshaona ofisi iliyokuwa na nakala za miaka minne ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua, na siku zilipohitajika zilikuwa tupu.

(d) Bodi ijibu kwa maandishi nani anashika nenosiri la msimamizi wa seva, na kama waliokwishaacha kazi bado wanalo. Jibu lisomwe kwenye mkutano mkuu, kabla ya chakula.

Kazi ya (a) hadi (c) niko tayari kuifanya bila malipo, Jumamosi mbili au tatu, na Bodi ichague fundi mwingine yeyote asimame nyuma yangu akiangalia kila ninachoandika. Nasema bila malipo kwa sababu najua mtu mmoja ameshapita akisema ninatafuta tenda. Mkiona ni heri kumpa mwingine, mpeni, mradi masharti yawe haya na tarehe ziwe hizi.

Nikikaa siku 30 tangu leo bila jibu la maandishi, nitaipeleka barua hii pamoja na zile tatu kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kijana wa TEHAMA asiguswe kwa kuniruhusu kuchomeka waya. Yeye ndiye mtu pekee ofisini aliyeandika tatizo hili kwenye daftari la matengenezo, tarehe na saa, na ukurasa huo upo.

Jina langu na namba ya uanachama mnavyo kwenye barua zilizogongwa muhuri.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama na fundi wa mitandao,
Rau, Moshi.

Nakala: Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi, ubao wa matangazo wa wanachama.